Filamu ya Moyo Wangu Si ya Bata

Jumanne, 2 Juni

Zamu yangu! Hatimaye! Daktari wa Meno kanipigia simu kazini, nami mkononi nina kioo cha miwani ya mteja, nakilainisha ukingo. Kasema Jumamosi hii Kiti ni changu. Furaha ikanipanda kichwani, kioo kikanitoka, kikapasuka. Mteja nimemwambia kiwandani kumechelewa. Hakuuliza kiwanda kipi.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Kila Jumamosi alasiri, kliniki ya meno ikishafungwa, sisi wapenzi wa filamu tunakutana katika chumba cha wagonjwa kusubiri. Projekta juu ya kabati, shuka jeupe ukutani, harufu ya mafuta ya karafuu puani, na madirishani mapazia mazito aliyoyatoa Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kazi yake ni kuuza mapazia. Kayatoa bure. Hatuachi kukumbushwa kwamba ni bure. Tunapendekezeana filamu, tunaazimana, tunabishana mpaka Daktari agonge kikombe kwa kijiko. Raha tupu.

Lakini Kiti si mchezo. Mwenye zamu huleta filamu ya moyo wake, ile aliyoitazama mpaka akaikariri. Anakalishwa kwenye kiti cha zamani cha kung'olea meno, kimeegeshwa mbele ya shuka, naye anaipa filamu mgongo. Anatutazama sisi! Daktari anasema aliyeipenda filamu kweli hana haja ya kuiona tena, raha yake ni kutazama nyuso za wanaoiona mara ya kwanza. Ikiisha anasimama, anasema kwa nini aliipenda. Na siku hiyo anakuja na mtu wa nyumbani kwake.

Sasa tatizo. Nimefunga mlango kwanza ndipo naandika. Filamu ya moyo wangu ni Bata wa Posta.

Inahusu bata bukini aliyemganda tarishi. Tarishi anampenda mwanamke wa ghorofani, haya zimemjaa, hawezi kusema, na kila akipeleka barua bata anamharibia. Kuna mahali bata anaingia harusini. Kuna mahali bata anavaa kofia.

Mtu mzima mimi! Fundi wa miwani! Mvi nimeshaota! Hata kuliandika jina lake masikio yamenipata moto.

Niliiona ujanani, katika ukumbi wa mabenchi ya mbao. Nyuma yangu alikaa msichana. Bata alipovaa kofia msichana akacheka mpaka soda ikamtoka puani, ikanishukia shingoni. Nikageuka nimgombeze. Sikumgombeza. Leo ni mama wa mapacha wangu wawili, wako shule ya bweni, na kicheko chake hakijapungua hata chembe. Akitazama filamu hucheka nyumba nzima ikasikia, hulia kwa sauti, huwaonya waigizaji wasifungue mlango. Ndiyo maana sijawahi kumpeleka kwenye chama. Wenzangu huwaambia ana shughuli nyingi. Yeye humwambia kila mtu kwamba mumewe ni mwanachama.

Mwezi jana Kiti kilikuwa cha Shemeji. Kaleta filamu ya ndugu wawili na daraja. Mhariri, mama aliyestaafu gazetini, mwenye kalamu nyekundu mpaka leo, alimshika mkono, hakuuachia upesi. Mhariri! Mimi hajawahi kunishika hata kiwiko. Baada ya daraja, nilete bata?

Kamwe.


Alhamisi, 4 Juni

Nimepata! Mhariri aliwahi kusema mtu anayeipenda Kimya cha Kinu amekamilika. Nimeitafuta, nimeipata, ipo kwenye flashi. Inahusu mzee anayesaga nafaka. Urefu wake unakaribia saa nne. Haina rangi.

Nimejaribu kuitazama jana jioni. Mzee akamimina nafaka kwenye kinu. Nikaamka filamu imekwisha. Nimejaribu tena leo kabla ya kwenda kazini, nimesimama wima ili nisilale. Nimelala nimesimama. Nimeumia goti.

Halafu akili ikanijia. Kiti kinaipa filamu mgongo! Hakuna atakayenitazamia kuiangalia! Kazi yangu ni kukaa na uso wa mtu aliyeguswa, basi. Uso huo nimeufanyia mazoezi kwenye kioo cha wateja. Mteja mmoja akaniuliza kama naumwa na jino. Nadhani upo tayari.

Nyumbani mambo si mepesi. Mke wangu kaniuliza, macho yakimng'aa, kama Jumamosi napeleka ile ya bata. Ningesema nini? Kwamba naionea aibu? Nimemwambia kwa huzuni kubwa kwamba Bata wa Posta imepotea duniani. Nimeisaka kila kona, haipo, hakuna hata nakala moja. Nikatikisa kichwa. Nikajikaza nikatoa na pumzi ndefu. Nimelazimika kuchukua nyingine, ya kinu.

Kasikitika kweli. Kanishika bega, kasema pole, Baba Pacha. Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikajisikia nafuu, kwa sababu uongo ulikuwa umekaa vizuri.

Nikajaribu pia kumwambia viti ni vichache. Kasema atakuja na kigoda chake cha chekechea, anakofundisha. Na gauni ameshashona. La njano! Nikampa masharti: asicheke kwa sauti, asiwaonye waigizaji, kwenye kinu hakuna mlango. Alinitazama kidogo, kisha akasema sawa, atakaa kimya kama maji mtungini.


Ijumaa, 5 Juni

Shemeji ana njama. Kikulacho ki nguoni mwako! Anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na siku mbili hizi hakauki. Leo nimemkuta uani ananong'ona na dada yake. Waliponiona wakaanza kuzungumzia mapazia. Hakuna watu wawili duniani wanaoweza kucheka vile kwa ajili ya mapazia.

Mke wangu naye karudi amechelewa, viatu vimejaa vumbi, kasema alipita mahali. Mahali gani? Mahali tu.

Nimejumlisha. Shemeji anamtumia dada yake anichunguze. Anajua kesho nitamfunika, yeye na daraja lake. Anataka kuiharibu flashi yangu! Mtu anayetoa mapazia bure haaminiki.

Lakini mimi si wa kulala. Nimemwita mke wangu chumbani, nikafunga mlango, nikamkabidhi flashi mkononi. Nikamwambia aiweke mkobani mwake, asimwonyeshe mtu, hasa kaka yake, na kesho aiweke yeye mwenyewe kwenye projekta. Kaipokea. Kauma mdomo, nadhani kwa uzito wa dhamana.

Hapo ipo salama.


Jumamosi, 6 Juni

Aibu. Niandike upesi, kabla sijaanza kujitetea.

Watu walijaa. Daktari alikiinua Kiti kwa kukanyaga kile kibao cha chini, akanilaza kidogo nyuma, miguu ikaning'inia. Mhariri mbele kushoto na kalamu yake. Shemeji dirishani, anavuta mapazia kama ndiye mwenye shughuli. Na mke wangu katikati kabisa, hatua chache kutoka kwangu, na gauni lake la njano, kwenye kigoda cha watoto, magoti yakikaribia kidevu. Aliichomeka flashi mwenyewe. Nikavaa uso wangu wa kinu.

Nilitarajia kimya. Ikaja tarumbeta. Halafu ikaja sauti ninayoijua kuliko ya mama yangu mzazi.

Kwaak!

Daktari mdomo wazi. Mhariri nyusi juu. Mke wangu hakuwa akitazama filamu, alikuwa akinitazama mimi. Amejibana mikono magotini, kama mtoto aliyeficha zawadi mgongoni.

Hapo ningeweza kucheka tu. Ningeweza kusema: ndiyo, hii hapa. Badala yake niliruka. Kwenye Kiti kile huruki, umelazwa, kwa hiyo nilipigapiga miguu hewani kama mende kwanza, ndipo nikasimama. Nikapiga kelele kwamba hii si yangu, nimechezewa! Kwamba takataka hii ni ya watoto wachanga. Kwamba mtu mwenye akili timamu akiipenda apelekwe akapimwe. Kwamba aliyeiweka hana akili wala haya. Na nikaongeza, sijui kwa nini niliongeza, kwamba nyumbani kwangu upuuzi wa namna hii hauingii.

Filamu yenyewe tu ndiyo iliyoendelea kulia kwaak.

Tabasamu la mke wangu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale midomoni, halina kazi. Ndipo nikaelewa vumbi la viatu.

Kisha Shemeji akasema kutoka dirishani, taratibu, kwamba ni yeye. Kabadilisha yeye. Bata wa Posta ni filamu ya moyo wake, aliona atanie kidogo, wamsamehe. Hakunitazama. Alimtazama dada yake.

Mhariri akasema basi tuitazame. Daktari akanirudisha Kitini kwa mkono mmoja, kama anavyofanya na wagonjwa. Kasema sheria ni sheria, aliye Kitini anatazama watu.

Nimemtazama mke wangu filamu nzima. Sikuwa na pengine pa kutazama, kigoda chake kilikuwa mbele ya pua yangu. Watu walicheka! Daktari alivua miwani afute machozi, miwani niliyomtengenezea mimi. Mhariri, Mhariri yule, alijipiga paja. Mke wangu hakucheka hata mara moja. Aliitazama filamu kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Bata alipovaa kofia chumba kizima kililipuka, yeye akatazama viatu vyake.

Mimi? Kwa kuwa hapa nimefunga mlango, niseme. Niliona raha. Kila kwaak niliijua kabla haijatoka. Midomo ilikuwa inanicheza. Huku natamani ardhi ipasuke inimeze, kiti na vyote.

Ilipokwisha wakamsimamisha Shemeji aseme kwa nini. Kasema zamani baba yao aliugua muda mrefu, nyumba ikapoa, watu wakawa wanatembea kwa ncha za vidole. Siku moja dada yake akarudi kutoka sinema, akaingia sebuleni anatembea kama bata, kofia ya baba kichwani. Akawaigizia filamu nzima. Mzee akacheka mpaka akaomba maji. Basi, kasema, hakuna zaidi.

Walimpigia makofi kwa kusimama. Mhariri alimkumbatia. Nilikuwa mume wa mwanamke yule miaka yote hii, na hilo la sebuleni sikuwahi kulisikia.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Nimesema hewa ni nzuri leo. Kasema ndiyo, Bwana.

Bwana!


Jumapili, 7 Juni

Nimeamka nikidhani nimeota. Gauni la njano limekunjwa, limewekwa juu kabisa ya kabati, pale tunapoweka vitu ambavyo havitavaliwa.

Hajanuna. Laiti angenuna! Ananijibu kila ninachouliza, kwa adabu, kama ananihudumia benki. Nilimwuliza wameipata wapi ile filamu. Kasema walimtafuta mzee aliyekuwa akiendesha mashine kwenye ule ukumbi wa zamani, wakahangaika mpaka wakaelekezwa kwake. Alikuwa nayo moja, kwenye sanduku, chini ya kitanda. Walimbembeleza awape nakala. Walitaka kunishtua kwa furaha, kwa kuwa nilihuzunika sana ilivyopotea duniani.

Alisema maneno hayo bila kunikazia macho. Akaendelea kumenya viazi.

Nilitaka kupiga magoti. Kweli nilitaka! Lakini goti bado linauma kutokana na kile kisa cha kulala nimesimama. Na nikafikiri: nikisema niliionea aibu filamu, itabidi niseme nilimwonea aibu na yeye, na hicho kicheko chake, na miaka yote ya shughuli nyingi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikasema tu labda kulikuwa na kutoelewana.

Kaniuliza kati ya nani na nani.

Mpango mpya: nimtengenezee miwani ya kusomea, fremu ya bei, rangi ya njano. Zawadi huziba mdomo wa dhamiri.


Jumatano, 10 Juni

Miwani amepokea. Kasema asante. Kasema pia macho yake hayana tatizo, anaona vizuri tu.

Wiki hii hakuna kicheko nyumbani. Sikujua nyumba yetu ina mwangwi. Jana redio ilisema kichekesho, nikamtazama kwa pembe ya jicho. Kabadilisha stesheni.

Mchana kaja Mhariri dukani, miwani yake imelegea mguu. Nimemkazia skrubu huku nikijitia hamnazo. Akaniambia, ghafla, kwamba Jumamosi alinitazama, na kwamba niliyajua maneno yote. Midomo yangu ilikuwa inatangulia filamu.

Nikasema mimi husoma midomo ya waigizaji. Kipaji.

Kasema nilikuwa nimeipa skrini mgongo.

Nimekaza ile skrubu mpaka ikakatika.

Hakucheka, hakunisuta. Kakaa kwenye kiti cha kupimia macho akasema yeye alikaa gazetini maisha yake yote akifuta maneno ya watu wanaotaka kuonekana wakubwa. Kasema mficha uchi hazai. Kasema Kimya cha Kinu alisema vile kwa mzaha tu, yeye mwenyewe hajawahi kufika mwisho, mzee akishamimina nafaka yeye hushikwa na usingizi. Na kasema amemwalika mke wangu awe mwanachama kamili. Si kama mtu wa nyumbani kwangu. Kama yeye.

Mwisho kasema Jumamosi atanipa nafasi nizungumze. Neno moja la kweli linatosha, na mwenye kulisikia atakuwepo.

Machozi yalinilengalenga. Nimeshika kitambaa cha kufutia vioo, nikafuta. Nitasema! Soda, shingo, kicheko. Maneno ninayo. Nimeyarudia njia nzima mpaka nyumbani, na mwenye duka la jirani kaniuliza nani kanimwagia soda.


Jumamosi, 13 Juni

Nianze na kosa la Shemeji, kwa sababu lipo.

Nimefika nikakuta wanamsifu tena! Wanamwomba awapendekezee filamu nyingine kama ile ya bata. Wamemwekea kiti karibu na projekta. Anasema hapana jamani, ametosheka, huku anapokea maji ya kunywa aliyopelekewa na Daktari mwenyewe. Na mke wangu ameketi kwenye kiti cha kweli leo, katikati ya Mhariri na kaka yake. Gauni la kawaida, la kijivu.

Ile sifa ni yangu! Bata ni wangu! Mhariri aliponiita mbele nikasimama, na neno la kweli nililokuja nalo likageuka njiani. Nikasema humu ndani kuna mwongo. Nikamwonyesha Shemeji kwa kidole. Nikasema Bata wa Posta si yake, ni yangu, ni filamu ya moyo wangu tangu ujana, na kaniibia mbele za watu.

Shemeji hakubisha. Kasema ni kweli. Filamu ni yangu, yeye aliichukua tu siku ile. Hakusema kwa nini aliichukua. Kila mtu mle ndani alijua kwa nini, na mimi nilijua.

Daktari akaweka kijiko chini. Akaniuliza kwa upole: basi tuambie, kwa nini unaipenda?

Mke wangu akainua macho. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alinitazama mimi, si ukuta ulio nyuma yangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri. Nikafungua mdomo, na soda ilikuwa palepale ulimini, na shingo, na yule msichana wa kwenye benchi la nyuma.

Halafu nikaona kalamu ya Mhariri. Nikaona wale watu, na vitabu vyao, na daraja lao. Nikafikiria wakinisikia nasema kwamba naipenda kwa sababu bata anavaa kofia na mwanamke mmoja alicheka.

Nikasema bata ni ishara.

Ee Mungu! Nikasema bata ni dhamiri ya jamii inayolemewa. Tarishi ni mwanadamu wa leo anayebeba ujumbe asiouandika. Kofia ni madaraka. Nikasema harusi ile inapaswa kusomwa kama mazishi. Sikuweza kuacha! Kila sentensi iliita mwenzake. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilijisikia navuma, nikaendelea. Nilipofika kwenye umuhimu wa manyoya, mke wangu aliinuka, akakusanya vikombe vya watu, akaenda kuviosha. Nilisikia maji ya bomba yakitiririka mpaka mwisho wa hotuba yangu.

Daktari akagonga kikombe. Kaniambia asante, kwa ile sauti anayowaambia wagonjwa waliomng'ata.

Hakuna aliyepiga makofi. Mhariri alifunga kalamu yake akaitia mkobani. Njiani wao wawili walitangulia, kaka na dada, na mimi nyuma, nikiwa nimebeba mwavuli wa kila mtu. Uso ulikuwa unaniwaka mpaka nilipofika mlangoni. Nimeketi hapa kitandani na viatu vyangu, na sijui mtu huanzaje.


Jumapili, 14 Juni

Nimeokoka! Mke wangu ni mwanamke wa aina yake, nani kama yeye?

Asubuhi kaniletea chai akakaa upande wa pili wa meza. Hakuniita Bwana. Kaniita Baba Pacha. Kasema amefikiri usiku kucha. Hataki hotuba, hataki miwani, hataki maelezo. Anataka jambo moja dogo. Leo alasiri tutazame filamu, wawili tu, hapa sebuleni, mlango umefungwa. Nichague mimi. Nilete ile ninayoipenda, yoyote, naye atanielewa.

Kasema yoyote mara mbili.

Moyo ulinipiga kwa furaha. Hii ndiyo nafasi yenyewe! Hakuna Mhariri, hakuna Daktari, hakuna kalamu. Nimetoka mbio na kandambili kutafuta. Flashi ya bata ilikuwa palepale mezani, ameiacha karibu na kikombe changu, nikaisogeza nipate pa kuweka funguo. Nilikuwa na wazo kubwa zaidi. Makosa yangu nimeshayaona: Kimya cha Kinu kumbe ni filamu ya watu wanaojifanya! Inasinzisha hata wasomi. Nilihitaji kitu kizito kweli, kitakachomwonyesha mke wangu kwamba mumewe si mtu wa mzaha, na ambacho hata yeye akikisema kwenye chama wiki ijayo nitaheshimika.

Nimeipata! Theluji ya Pili, sehemu ya kwanza. Haina rangi wala sauti. Hata maandishi ya chini haina, kwa kuwa hakuna anayesema. Mwenye duka la filamu kasema tangu aipokee hakuna aliyewahi kuirudisha akiwa na malalamiko. Hakuna aliyewahi kuiazima.

Nikamkuta amevuta pazia, ameweka mito miwili sakafuni, amevaa lile gauni la njano. Nikachomeka. Ikatokea theluji. Akangoja. Ikaendelea theluji. Alinigeukia akanitazama usoni kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba aliyowahi kukaa. Nikamwambia avute subira, inaanza polepole.

Baada ya kitambo kasimama. Kasema kichwa kinamuuma, anakwenda kwa kaka yake mara moja. Nimemwambia pole. Maskini, si kila mtu amezoea filamu za kiwango hiki.

Nipo hapa naitazama peke yangu, na sijasinzia bado, maana najikaza. Ila kuna usumbufu. Kutoka nyumba ya Shemeji inasikika televisheni, na mwanamke anacheka. Anacheka kwa nguvu, anapaliwa, anamwonya mtu asifungue mlango, anacheka tena. Sijakisikia kicheko hicho wiki nzima. Nimekisikiliza kidogo nikiwa nimesimama dirishani, na shingo ikanisisimka.

Kisha nikafunga dirisha. Kelele zile zingenipotezea filamu, na hii si ya kutazama nusunusu. Kesho nitamsimulia alichokikosa.